Sauti Zisizo na Kibonyezo

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la jiografia. Nimechana kurasa za mwanzo, mito na milima yote, kwa sababu leo nisipoandika nitapasuka.

Wiki iliyopita mwalimu wa muziki alitupa kazi: kila mtu aandike wimbo mmoja unaoimbwa kwao, kwenye mistari mitano, kwa noti safi. Wenzangu waliandika nyimbo za redio. Mimi niliandika wimbo wa Bibi wa kubembeleza mtoto asiyetaka kulala. Nilishinda nao Jumapili nzima. Kuna sauti moja mle, ya tatu kutoka mwanzo, ambayo haikubali kukaa. Nikiipandisha mstarini inakuwa juu mno, nikiishusha inakuwa chini mno. Nimeitafuta kwenye kinanda cha shule. Haipo. Imelala kati ya kibonyezo cheupe na cheusi, pale penye ufa na vumbi. Basi nikaiandika palepale inapolala, nikaichorea na mshale mdogo wa kuelekea juu.

Leo kanirudishia. Ile sauti ameizungushia kalamu nyekundu na kuikata mara mbili, na pembeni ameandika, kwa lugha ya darasani: Sauti hii haipo.

Angeishia hapo ningenyamaza. Lakini akaniita mbele. "Njoo utuimbie hiyo sauti ya mshale."

Nilisimama. Najua lugha mbili, na zote mbili zilinikimbia kwa pamoja.

"Bibi yako anapotoka," akasema, kwa upole kabisa, kama daktari, "na wewe umeuandika upotofu wake kwa mwandiko mzuri."

Darasa likaangua kicheko. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni yule msichana wa mstari wa mbele wanayemwita Kengele, kwa sababu akiimba hakuna anayehitaji kuambiwa vipindi vimekwisha. Mimi wananiita Bubu. Siwezi hata kulikataa jina hilo, maana kukataa kunahitaji kusema.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Bado nina hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Nieleze mambo vizuri, nisije nikasoma hapa nikiwa mtu mzima nikadhani niligombania mshale.

Bibi ana uvimbe kooni. Si mkubwa. Ukimtazama ubavuni utadhani amemeza kokwa ikakwama. Watampasua tarehe 15 Aprili. Daktari anasema atapona, ila sauti haiahidi. "Huenda akabaki na mnong'ono," alimwambia Mama, na Mama akaitikia kama mtu aliyetajiwa kipimo cha kiuno. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Habari zote, nzuri na mbaya, huzipokea kwa sura ya vipimo.

Bibi ana nyimbo saba. Alizirithi kwa mama yake, naye huziimba kwa zeze lake la nyuzi mbili. Mama hajui hata mmoja mpaka mwisho, anasema cherehani imemla masikio. Mjomba anajua vipande. Anayezijua zote saba ni mimi, na mimi ndiye mtu asiyefungua mdomo. Zikibaki kwangu ni sawa na kuzikwa.

Mjomba ni fundi simu. Aliponiona na penseli na kifutio akacheka. "Mpwa wangu, unajitesa bure. Rekodi, maliza, nenda kacheze." Akamrekodi Bibi yeye mwenyewe. Bibi akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Huyu mama ni nani? Mbona anaimba kama aliyekalia mwiba?"

Siku ile alikuwa anakohoa. Akaimba tena, ikawa tofauti. Akaimba mara ya tatu, tofauti tena, na zote tatu akasema ndio wenyewe. Sasa anayesikiliza aige nini, wimbo au kikohozi? Rekodi inasema alichofanya Bibi siku moja ya mvua. Mimi nataka karatasi iseme wimbo wenyewe unataka nini, ili mtu ambaye hajawahi kumsikia auimbe, na Bibi akiwa amekaa hapo aseme, ndiyo, huo.

Na mistari mitano ya mwalimu haitoshi. Ni ngazi ambayo mtu kang'oa vidato vya katikati, halafu anakucheka ukianguka.

Jumamosi, 8 Machi

Mjomba kanipa kitu kwenye simu kinachopima sauti. Unaimba, kinakuambia uko wapi, na kila nafasi kati ya kibonyezo na kibonyezo kimeigawa sehemu mia. Ile sauti ya tatu iko kwenye thelathini na saba. Haya, haipo? Thelathini na saba!

Nimejaza ukurasa mzima namba. Unafanana na majibu ya maabara. Mtu hawezi kuimba majibu ya maabara, lakini angalau hayabishiwi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Hesabu. Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Mama kaliona daftari la hesabu lina sauti badala ya hesabu.

"Hivi ndivyo vitakavyokupitisha mtihani?"

"Hapana, Mama."

"Bibi yako anahitaji mjukuu mwenye cheti au mjukuu mwenye nukta?"

Akanyanyua mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza, akanitazama. "Umenuna wiki ya pili sasa. Hasira hasara, mwanangu."

Naichukia methali hiyo. Wanaoisema ni wale waliokwisha kupata walichotaka, au waliokata tamaa ya kukipata. Mama sijui yuko upande gani. Kabla ya kuolewa alikuwa anaimba, Mjomba kaniambia. Mama mwenyewe hajawahi kuniambia.

Jumatano, 19 Machi

Bibi yuko hospitali tangu juzi kwa vipimo. Nyumba imekuwa kimya kiasi cha kusikia paa likihesabu matone. Nimelishusha zeze lake kutoka ukutani, karibu na dirisha, pale linapotundikwa siku zote, nikapiga nyimbo zote saba, polepole, sauti moja moja, huku simu ikipima. Mikono yangu inajua hata kama mdomo wangu haujui. Kurasa tatu zimejaa, kila noti na namba yake.

Nimefurahi hadi naona aibu. Kesho kutwa Bibi anarudi, naye atakuta nyimbo zake zimelala salama.

Jumamosi, 22 Machi

Nimezichana zote tatu.

Bibi alirudi jana, amekonda kidogo, ulimi uleule. "Mke mwenzangu," akaniita toka mlangoni, "umenitunzia mume?" Mume ni zeze. Nikamketisha, nikafunga mlango Mama asisikie, nikafanya jambo ambalo simfanyii mtu mwingine yeyote. Nikaimba. Kwa sauti ndogo, nikifuata karatasi namba kwa namba, simu mkononi, sikosei hata sehemu moja ya mia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akalichukua zeze, akaibonyeza ngozi iliyowambwa juu yake kwa kidole gumba. Ngozi ikadidimia kama shavu la mzee.

"Ulipima kwa hili?"

"Ndiyo, Bibi."

"Lilikuwa limekazwa?"

Bibi kila asubuhi hulisogeza karibu na jiko, huikausha ngozi, kisha hukaza nyuzi kwa kufuata koo lake lilivyoamka. Nimemwona tangu sijaota meno. Nilidhani ni mazoea tu ya kizee, kama kusugua magoti. Siku mbili hayupo, mvua siku kumi na tano mfululizo, ngozi imekunywa unyevu ikalegea, nyuzi zikashuka, na ule mnene ukashuka kuliko mwembamba. Nami nikakaa pale na namba zangu, nikipima ulegevu kwa sehemu mia mia.

"Hizi si nyimbo zangu," Bibi akasema. "Umeandika mvua."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikachana karatasi. Nilitaka kuchana na simu. Nilimkasirikia, ndiyo, Bibi mwenyewe mgonjwa, kwa sababu alicheka. Nikajikasirikia zaidi kwa sababu niliamini kitu kikiwa na namba hakiwezi kuwa cha kijinga.

"Kaa chini," akasema. "Acha kuvuta pua. Unaitafuta sauti kama mtu anayetafuta nyumba yenye bati la jina. Sauti haina bati. Huulizwi iko wapi, unaulizwa inatoka wapi na inakwenda wapi." Akaimba ile ya tatu, ikipanda. Akaimba tena, ikishuka. Kwa masikio yangu haya niliisikia: ikipanda iko juu kidogo, ikishuka iko chini kidogo. Wiki tatu nzima nilikuwa naitafuta sauti moja, kumbe ni mbili.

"Inayopanda ina haraka," Bibi akasema. "Inayoshuka imechoka. Wewe ukitoka kisimani na ukienda kisimani unatembea sawasawa?"

Jumapili, 23 Machi

Sitachora tena mahali. Nitachora mwendo.

Mama ana karatasi ya kukatia nguo, ile yenye vimiraba vidogo. Nimemwomba mabaki. Hakuuliza ya nini.

Mstari mnene mmoja katikati: hapo ni nyumbani. Bibi ndiye kapaita hivyo. Nyumbani ni popote koo lako lilipoamkia, juu au chini, kiangazi au masika, halafu mengine yote yanahesabiwa kutoka hapo, kimiraba kwa kimiraba. Kila sauti ni nukta yenye mkia. Mkia ukiangalia juu, sauti ina haraka, isukume kidogo. Ukiangalia chini, imechoka, iache ilegee kidogo. Isiyo na mkia imetulia. Basi. Mtoto anaweza kujifunza kabla chai haijapoa.

Namwonyesha Bibi kila ninachochora. Hajawahi kukaa darasani hata siku moja, lakini ananishika kosa upesi. "Hapa umefika mlangoni, hujaingia. Kishushe kidude chako."

"Ni nukta, Bibi."

"Kishushe."

Alhamisi, 27 Machi

Mwalimu wa muziki kaniona maktabani nikinakili wimbo wa kwanza. Nilifunika kwa mkono, nikachelewa. Akaichukua karatasi, akakaa juu ya meza, miguu ikining'inia kama mtoto, akasoma. Akaniuliza mikia ni ya nini. Nikamwambia, kwa kunong'ona, kwa lugha ya darasani, nikapotelewa na maneno, nikamalizia kwa Kiswahili. Hakunicheka.

"Umefanya hivi peke yako?"

"Na Bibi yangu, Mwalimu."

"Hiki ni kitu kikubwa. Niachie. Kwaya iuimbe siku ya kufunga shule."

Nilirudi nyumbani mvuani bila kufungua mwavuli. Ulikuwa mkononi. Niliusahau.

Jumanne, 1 Aprili

Nyimbo nne tayari. Bibi anachoka upesi, tunafanya asubuhi kabla sijaenda shule. Nimemsamehe mwalimu. Kwa kweli nimempenda kidogo, kama mtu anavyompenda mbwa aliyeacha kumbwekea.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekosea kila kitu. Nilikosea kumsamehe.

Leo nilipita nje ya ukumbi kwaya ikifanya mazoezi. Nikasikia wimbo wa Bibi. Kwanza nilitabasamu, kisha nikasikiliza vizuri. Maneno yake, mapigo yake, lakini mtu ameunyoosha. Kila sauti imekaa juu ya kibonyezo, mgongo wima, mikono magotini. Ile ya tatu ikipanda na ile ya tatu ikishuka zimekuwa kitu kimoja, noti moja safi isiyotoka popote wala kwenda popote.

Nikachungulia. Ubaoni mistari mitano. Noti nyeupe na nyeusi. Hakuna mikia. Juu kulia: jina lake yeye, na neno "mpangaji", yaani aliyezipanga noti. Juu kushoto: "Wimbo wa asili."

Aliniona, akanipungia mkono niingie. Aliniita kwa furaha! "Unasikia? Nimeusafisha. Sasa unaimbika."

Kusafisha. Mtu husafisha kilicho na uchafu.

Wanakwaya arobaini wakanigeukia. Nilikuwa na sentensi kamili mdomoni, ilikuwa imefika kwenye meno. Nikasema, "Asante, Mwalimu."

Asante!

Nimeandika neno hilo hapa ili linitie aibu maisha yangu yote. Nilikwenda chooni nikapiga mlango teke mpaka kidole cha mguu kikavimba. Na Kengele ndiye anayeongoza. Anauimba vizuri. Hilo ndilo linaloniua, anauimba vizuri sana, vibaya. Ukizoeleka hivyo nani atautaka ule mwingine? Watu watasema Bibi ndiye anayeupotosha wimbo wa mwalimu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua inanyesha kama imetumwa. Sitaki kuongea na mtu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilimwambia Bibi. Nilidhani atalia. Akataka nimwimbie jinsi mwalimu alivyoufanya. Nikamwimbia.

"Loo," akasema. "Ameupiga pasi wimbo wangu."

Mama, anayedai hasikii, akacheka kule kwenye cherehani mpaka akakosea mshono.

"Hamkasiriki?" nikauliza. "Ameiba! Kaandika jina lake!"

"Mimi nina wiki moja, mke mwenzangu," Bibi akasema. "Nikikasirika itanila siku nzima. Hizo hasira ni zako, zibebe mwenyewe. Tumebakisha nyimbo tatu."

Nilitaka kumjibu vibaya. Kisha nikaona anashika shingo, si kwa maumivu, ila kama mtu anayeshika mfuko kuhakikisha ufunguo bado umo. Anaogopa. Muda wote huu nilidhani mwenye hofu nyumba hii ni mimi peke yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Kengele alinisubiri getini. Nikabadilisha njia, akanifuata mpaka kwenye kibanda cha kutengenezea viatu tukabanwa na mvua, mimi na yeye na fundi viatu ambaye alijifanya hatuoni.

"We Bubu, ngoja bwana. Nina swali."

Nikatazama viatu.

"Ule wimbo, pale mwanzo mwanzo, sauti ya tatu. Kila nikifika hapo koo linataka kwenda kwingine. Mwalimu anagonga kinanda, ananirudisha. Nikimwangalia mwenzangu pembeni, naye linamvuta. Kuna nini pale?"

Sikuamini masikio yangu. "Ulicheka," nikamwambia. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia katika miaka mitatu.

"Nilicheka nini?"

"Machi. Mshale wangu."

Akafikiri. Alikuwa hakumbuki! Mimi nimelala na kicheko chake mwezi mzima, mwenzangu kakisahau kabla ya kufika nyumbani. "Basi nisamehe," akasema. "Mimi nacheka hovyo, hata msibani. Nionyeshe huo mshale."

Nilikaribia kumkatalia kwa raha ya kumkatalia tu. Lakini nilikumbuka ninamtafuta nani: mtu mwenye sauti, anayesikia, na ambaye hajawahi kumsikia Bibi. Yote matatu yalikuwa yamesimama mbele yangu yanadondosha maji. Nikachora mkia kwenye kipande cha boksi la viatu.

Sikumwimbia hata sauti moja. Nikimwimbia ataiga mimi, nayo karatasi haitakuwa imefanya kazi yoyote.

Alhamisi, 10 Aprili

Wimbo wa sita na wa saba. Bibi aliimba akiwa amefumba macho. Hatukuongea mengine.

Ijumaa, 11 Aprili

Kufunga shule. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Saa mbili asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilikwenda ofisini kwa mwalimu. Nilikuwa nimeandika maneno kiganjani. Mvua iliyafuta njiani.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba karatasi yangu."

"Marahaba. Karatasi ipi?"

"Ya wimbo. Sitaki uimbwe hivyo."

Aliweka chini kikombe. "Programu zimeshachapwa, binti."

"Ile ya tatu siyo hiyo sauti."

"Kinanda hakina hiyo sauti. Nifanye nini mimi?"

"Basi zima kinanda."

Sijui nani alisema. Ilikuwa sauti yangu. Mwalimu akanitazama kama meza imemwomba ruhusa. Kisha uso wake ukabadilika, si kwa ukali, ningependa ungekuwa ukali. Akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza. Kidole cha kati kimepinda kidogo pale kwenye kiungo.

"Unaona hiki? Nilikuwa na umri wako. Nilipiga sauti kama hiyo mbele ya mkaguzi, nilivyofundishwa na baba yangu. Nikachapwa rula hapa, upande wa chuma. Tangu siku ile sikukosea tena. Nakuepusha."

"Kwa hiyo unaijua," nikasema.

Akaurudisha mkono chini ya meza.

"Uliandika haipo. Ulikuwa unaijua."

"Wimbo wa asili hauna mwenyewe," akasema, akiangalia dirishani.

"Mwenyewe atakaa mstari wa tatu. Atakuwa na kitambaa shingoni."

Hakunipa karatasi. Kwaya iliimba wimbo wa pasi. Mkaguzi wa shule, mgeni rasmi, aligonga vidole gotini. Bibi alikaa mstari wa tatu kati ya Mama na Mjomba, akapiga makofi kwa adabu, kama mtu anayepigia makofi hotuba. Mjomba alitaka kusimama, Mama akamvuta shati. Niliona mkono wa Mama: ulikuwa umekunja programu ile mpaka imekuwa kama kipande cha chaki.

Hakuna aliyeshinda. Niliongea, nayo dunia ikaendelea na ratiba. Nilidhani siku nitakapofungua mdomo hasira zitatoka kama maji bombani. Hazikutoka. Zimejipanga tu vizuri, sasa najua ipi ni ya nani. Ya mwalimu ni kubwa kuliko zote, na ndani yake mna kidole kilichopinda, nami hilo linanikera, kwa sababu nilitaka kumchukia bila kuhurumia chochote.

Jumanne, 15 Aprili

Wamemwingiza saa tatu. Wamemtoa saa saba. Yuko hai.

Jumamosi, 19 Aprili

Anajaribu kusema, inatoka pumzi. Daktari kasema asijaribu.

Alhamisi, 24 Aprili

Bibi yuko nyumbani. Amekaa na bandeji shingoni, anaita kwa kugonga meza na kijiko. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, mara nyingi ni njooni nyote nimekasirika. Amekasirika! Yule aliyeniambia hasira ni zangu peke yangu anagonga kijiko mpaka kimepinda.

Nimebandika nyimbo zote saba ukutani mbele ya kiti chake. Mama ndiye aliyeleta pini. Mchana kutwa Bibi anazitazama, kidole kikitembea hewani, kinapanda, kinashuka.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua imepungua. Kengele amekuja mara tatu, tunakaa barazani. Anasoma upesi kuliko mimi. Ananiita Bubu bado, ila sasa kwa namna mtu anavyomwita dada yake. Wimbo wa nne ndio niliomchagulia. Hajawahi kuusikia kwa mtu yeyote.

Ijumaa, 2 Mei

Leo.

Kengele alisimama katikati ya chumba, karatasi mkononi, akamsalimia Bibi kwa kupiga goti kidogo. Mama alizima cherehani. Mjomba alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza simu yake ilikuwa mfukoni. Mimi nilikaa chini nikiangalia miguu ya Bibi, kwa sababu uso nisingeweza.

Kengele akatafuta nyumbani kwake. Palikuwa chini kuliko kwa Bibi, koo jingine kabisa. Akaanza.

Ulikuwa wimbo wa nne. Sauti ya mtu mwingine, mwendo uleule. Zile zenye haraka zilikimbia, zilizochoka zilichoka. Mama akaweka mkono mdomoni. Nami nikawa naomba, endelea, endelea, usikosee.

Bibi akapiga meza. Mara mbili.

Kengele akakatiza wimbo. Bibi akaashiria: karatasi. Akapewa. Akaashiria: penseli. Nilidhani anataka kutuandikia neno, nikakumbuka hajui kuandika neno. Akapitisha kidole kwenye nukta moja moja, akifuata mpaka ya kumi na moja, akasimama. Pale nilikuwa nimechora mkia unaoangalia chini. Akaukata. Akachora mwingine, mzito, uliotetemeka, ukiangalia juu. Kisha akanitazama kwa jicho la kuniuliza kama nilikuwa nimelala siku ile.

Nilikuwa nimekosea. Si Kengele, mimi. Kengele alisoma sawasawa kosa langu.

Nilitaka kubisha, kabisa, nilikuwa na rekodi za Mjomba za kubishia. Halafu ndipo nikaelewa nimeona nini: Bibi, asiyejua kusoma hata neno, ameusoma wimbo na kuusahihisha kwa penseli.

Kengele akarudia. Mara hii kijiko kiligonga mara moja.

Watu wote wakaanza kuongea kwa pamoja, Mjomba akipiga kelele kuliko wote. Bibi hakutusikiliza. Aliigeuza karatasi upande mweupe. Akachora mstari mnene katikati, umepinda kama njia ya siafu. Akaweka nukta. Ya pili juu yake, mkia juu. Ya tatu mbali, mbali kuliko nilivyowahi kumsikia akienda. Ya nne ikirudi, imechoka. Mjomba akachungulia. "Huu ni wa ngapi?"

Mama akahesabu ukutani kwa kidole, saba, akageuka. "Huu haumo," akasema polepole. "Huu hajawahi kuuimba."

Bibi akamaliza mstari, akaisukuma karatasi mezani kati yangu na Kengele, akakunja mikono. Hakumtazama Kengele. Alinitazama mimi.

Nikafungua mdomo, mbele ya watu wanne. Sauti ilitoka na mikwaruzo, nikafika ile ya tatu ya mbali, nikaikosa kwa kimiraba kizima.

Akapiga meza. Nikaanza upya.